Rozari ya Saa Kumi na Moja

Kibosho. Jiko bado ni jivu.
Naanza. Punje ya kwanza:
kaka yangu Prosper, na kihamba alichokiuza
bila kuniambia. Miaka tisa.
Naitelezesha punje, naye anapita,
anarudi kwenye ya nne, amevaa koti la baba.

Ya sita ni Ijumaa: marejesho ya Vikoba,
laki moja na nusu, na kahawa haijaiva.
Ijumaa haijafika.
Ikae huko iliko.

Nimepoteza hesabu. Naanza tena,
wala sioni haya.

Mferejini maji yanapita migombani,
hayaulizi yametoka wapi.
Ng'ombe anakohoa bandani.
Kidole kinanuka kitunguu cha jana;
punje imeshika joto.

Hii.
Hii tu.

Halafu niwashe moto, nibandike chai.