Anwani

Saa nane usiku, Sapporo. Theluji imepanda dirishani hadi usawa wa kiuno,
na mimi, Kinuyo Oshikiri, nimekaa gizani kwa hiari yangu
nikingoja kidukari mmoja wa njegere anioneshe
alikoipeleka protini yake.

Si mdudu wa kujivunia. Tone la kijani lenye miguu sita,
mdomo sindano, chakula utomvu,
maji ya sukari usiku na mchana,
kama mtoto aliyeachiwa kopo la asali na ghala tupu.
Angekufa kwa utapiamlo katikati ya utamu,
ila tumboni ana seli nono, na ndani ya seli hizo
bakteria wamebanana kama dengu chunguni.
Hao ndio wanaompikia anachokikosa.

Wamo humo tangu milima hii haijatema moto wake wa kwanza.
Mgeni siku mbili; ya tatu walipewa jembe,
na hadi leo hawajalitua.
Nje hawawezi kuishi tena. Jeni walizozidondosha njiani
ni nyingi kuliko walizobaki nazo,
hata utando wao hawaujengi wenyewe.
Mama mkwe angeuliza: wageni gani hao,
wanauza kitanda chao ndipo waje kulala kwako?
Sina jibu. Yeye amekaa kwetu mwaka wa kumi na moja,
na ndiye pekee anayejua chumvi ilipo.

Baba alikuwa tarishi wa posta kule Biei.
Barua haina akili, alisema,
yenye akili ni bahasha.
Na kwenye seli ni vivyo hivyo. Protini huzaliwa uzi mlegevu,
ncha yake ina herufi chache:
nipelekwe kwenye kiini, nichomekwe kwenye utando, nitolewe nje.
Ikipotea njia, hata iwe nzima, haina kazi,
buti la mguu wa kushoto
lililofikishwa kwa jirani.

Hii yangu nimeibandika kingamwili yenye rangi inayowaka.
Daktari Murakoshi aliandika kwa penseli pembeni mwa daftari:
"Itabaki kwenye maji ya seli. Usipoteze wiki."
Nimepoteza wiki tatu.

Nawasha mwali wa buluu.
Giza.
Kisha nukta. Nukta nyingine. Halafu zote kwa pamoja,
na si kwenye maji ya seli, huko ni kweusi tititi,
ni ndani ya bakteria wenyewe!
Imevuka utando wa mwenye nyumba, ikavuka wa mpangaji.
Kidukari ametuma kifurushi chumba cha ndani
na huko ndani kuna aliyefungua.

Nazungusha skrubu, nashuka, napanda.
Huenda ni doa. Huenda rangi imevuja.
Kesho nitarudia, na keshokutwa,
na yule asiyepakwa kitu, na yule tuliyemnywesha dawa
bakteria wake wakafa wote;
yu hai bado, mdogo, mkavu, hazai.

Njaa inauma. Natoa kisanduku cha chakula mkobani:
wali, figili ya siki, kipande cha samaki cha jana.
Sikumwomba. Hajawahi kuniuliza nafanya nini humu.
Juu ya mfuniko ameandika jina langu kwa wino mnene,
kana kwamba usiku huu jengoni
kuna mtu mwingine.