Ukiziba Tundu

Hangari la Port Reitz, saa saba mchana.
Bati linatoa jasho, nami pia,
na spana ukiisahau juani hutaishika tena.

Nilikuwa na mwezi mmoja kazini, na nilipenda unadhifu.
Chini ya injini ya ile ndege ya chanjo ilining'inia mipira mitatu,
wa pumzi ya injini, wa pampu ya petroli, wa kabureta,
kila mmoja na upande wake, kama mbuzi waliokata kamba.
Ikanikera.
Nikanunua kiungo Magongo kwa pesa yangu mwenyewe,
nikaifunga yote mdomo mmoja,
nikaisugua klampu hata ikang'ara.
Tumbo la ndege likabaki na tundu moja tu.
Nikasimama kando, nasubiri kusifiwa.

Mwanakombo akaja na kiazi karai mkononi.
Akainama. Akatafuna. Akameza.
"Pampu ikivuja," akasema, "utajuaje ni pampu?"

Sikujua.

"Na pumzi ya injini ikisukuma, ikaikuta kabureta mlango wazi,
wadhani itabisha hodi?"

Akajifuta mikono kwenye ovaroli, akatoa kisu.

Nyumbani tulifunzwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huyu anafunza kinyume:
ukiziba tundu utanunua injini.

Alikata kiungo changu vipande viwili, akanipa nikishike.
Akausogeza mpira wa kabureta shubiri nzima kutoka ekzosi,
"petroli na moto hawapangi nyumba moja,"
akaikata ncha mshazari, akaitazamisha nyuma
ili upepo uivute, usiipulizie.
Kila penye chuma kikali akauvika mpira kipande cha ngozi,
maana injini hutikisika, na kinachosuguana huisha,
na hakitoi taarifa.

Kisha kwenye bomba la pumzi akatoboa tundu la pili,
juu, ndani ya kifuniko, karibu na silinda, penye joto.
Nikacheka. La nini?
"Mvuke ukiganda mdomoni, pumzi itokee hapa."
Barafu? Mombasa hii?
Mji ambao sabuni yayeyuka bila maji?

"Ndege haikai Mombasa," akasema. "Yalala tu hapa."

Akanieleza habari za rubani Mghalu,
aliyepanda futi elfu kumi na saba akikwepa mawingu ya Nyandarua.
Bomba lake halikuwa na tundu la pili.
Mdomo uliganda, injini ikakosa pa kutolea,
ikaitoboa sili ya mbele ikatolea hapo.
Oili yote ikaja kwenye kioo.
Alitua kwa kuchungulia dirisha la pembeni,
na tangu siku ile hunywa chai kwa mikono miwili.

Sikucheka tena.

Huku pwani hatuna barafu lakini tuna nyigu.
Ndege ikilala wiki mbili kwa kukosa wateja
wao hupata plotiii bure: bomba, kivuli, mlango wa kuangalia chini.
Mwanakombo akanipa spoki ya baiskeli, nikachokoa bomba la betri.
Ukadondoka udongo mkavu, na kiwavi mmoja mweupe
aliyekuwa hana habari na mambo ya anga.

Jioni aliweka vifuniko vitatu vya makopo sakafuni,
kimoja chini ya kila mpira,
akaandika kwa chaki: PUMZI. PAMPU. KABURETA.
Ilionekana vibaya. Ilionekana kama jiko la bachela.
Nikafunga hangari, nikaenda zangu Mikindani na kiungo changu mfukoni,
vipande viwili, shilingi mia sita.

Asubuhi nilifika kabla yake.
PUMZI: unyevu kidogo, wa kawaida, rangi ya chai ya rangi.
KABURETA: kukavu.
PAMPU: tone moja la buluu,
na nilipokuwa nimechuchumaa nikilitazama
likaja la pili.