Rangi ya Chini

Faki alikwangua mlango kwa msasa namba themanini.
Ikatoka nyeupe ya hospitali.
Chini yake buluu ya mwenye duka wa Mkoani
aliyeinunua mnadani, akaichosha kwa saruji.
Chini ya buluu kijivu, chini ya kijivu kutu.
Landrova ya baba, kumbe kila mtu kaivika kanzu yake.

Tulitafuta nyuma ya dashibodi,
chini ya kibati cha namba ya chasisi,
ndani ya mfuniko wa tangi:
jua halifiki huko, lakini mafuta yamefika.
Viti nilikwishavijua, ngozi ya bandia rangi ya haluwa;
kipande kilibaki chini ya msumari.
Bodi ndiyo iliyotukimbia.

"Kijani," mama akasema, macho kwenye mchele.
Kijani gani? Chanikiwiti? Cha mwani? Cha jani la mkarafuu?
"Cha Serikali."

Akaingia jikoni,
akatoka na mbuzi yake ya kukunia nazi,
akaipindua.
Juu imesuguliwa na miaka arobaini ya kukaliwa.
Tumboni rangi mbichi kama ya jana,
na tone moja lililoganda
likitaka kudondoka.

"Kopo lilibaki nusu. Msimwambie mtu."
Nimwambie nani? Karakana ya Wete siku hizi ni ghala la mbolea,
na baba tumeshamzika.

Asubuhi naipakata mbuzi hadi Chake
kwa Kombo Shaame, mchanganya rangi.
Mama kanionya irudi kabla ya adhuhuri:
leo kuna samaki wa kupaka.