Uive Kiasi Gani?

Kadi ililetwa na posta, nene, ya rangi ya maziwa:
Bwana Merle Hostetter, tunakualika wewe na mwenza wako
kwa mlo wa jioni, pasipo malipo, pasipo masharti.
Verda alikuwa akicheka akifika hapo penye masharti.
"Hawa," akisema, "wametia chumvi kabla ya nyama."

Hii ni ya saba tangu Januari.
Nimekwisha kula kwa wauza vifaa vya masikio,
kwa wauza bima, kwa wauza wiki moja kila mwaka
katika chumba kinachotazama bahari kwa dirisha la choo.
Leo ni zamu ya wachoma maiti.

Saa kumi na moja, jua la Ocala bado linauma.
Ukumbi wa nyuma wa hoteli ya steki,
pembe za fahali ukutani, projekta juu ya kreti ya soda,
vichwa vyeupe ishirini na viwili
na mikoba mikubwa kuliko haja.
Lurleen ametandika mfuko wa nailoni ndani ya wake;
mkate wa kwanza umeshazama kabla hatujasalimiana.

Kijana anaitwa Brantley. Suti inamzidi mabegani
kana kwamba ameazima kwa kaka aliyefaulu.
Anasema hatauza kitu.
Anasema "amani ya moyo" mara kumi na nne,
nimehesabu kwa kokwa za zeituni.
Sharti lipo, ila halimo kwenye kadi:
maneno kwanza, nyama baadaye.

Basi tunatafuna maneno.
Picha ya tanuri, safi kama jiko la bibi harusi.
Picha ya bei: leo hivi, kesho vile,
ukifa Jumapili kuna nyongeza.
Na Yesenia mhudumu anapita kwa ncha za vidole,
anainama sikio hadi sikio, ananong'ona:
"Yako iive kiasi gani?"
"Digrii elfu moja na mia sita," anasema Brantley kule mbele,
"kwa muda wa saa mbili."
"Iive kabisa," anasema Lurleen.
"Ibaki nyekundu katikati," nasema mimi,
na meza nzima inanitazama mimi, si sahani.

Verda tulimchoma Oktoba, bila mpango, bila punguzo.
Niliuza trekta ya kukatia nyasi na bunduki ya baba.
Alirudi ndani ya kopo,
mzito kama pakiti moja ya unga.
Kadi hazijapata habari; bado zinamwalika.

Ukila zabibu utaleta majibu, ndivyo isemwavyo.
Nilikula zabibu za saladi mbili, yangu na yake,
na sikuleta jibu lolote.

Nje, maegesho. Brantley yumo garini, mlango wazi,
anatafuna biskuti za chumvi, zile za kutia kwenye supu.
"Hawakulishi?"
"Sahani ni za wageni, mzee."
Nikampa boksi langu: nusu ya steki, kiazi kizima.
Alilipokea kwa mikono miwili, akala kwa vidole,
mabega yakashuka ndani ya ile suti,
nikadhani tumefika mahali.
Kisha akajifuta, akafungua mkoba, akatoa fomu.
"Bei ya leo bado ni ya leo, mzee Merle."

Sikumkasirikia.
Miaka thelathini nilipanda mapaa ya watu
nikiwaonyesha mavujo ambayo hata mvua haikuyajua.
Nikasema nitafikiria.
Akasema wote husema hivyo.

Kalamu yake ilibaki mkononi mwangu.
Inateleza vizuri, wino tele,
namba ya simu ya tanuri imeandikwa ubavuni.
Jumatano ni wauza magodoro, na kuna kamba wa kukaanga.
Nimeshajaza kile kikaratasi cha majibu:
tutakuja wawili.