Ukurasa Usiopo

Sanduku la mia mbili na kumi na moja.
Naandika nambari, naipangusa, naiandika tena,
maana vumbi la Hoima halina adabu.
Ndani, jiwe limelazwa kama miwa ya sokoni,
pingili kwa pingili,
lililovutwa na keekee kutoka tumboni mwa bonde, upande wa Kaiso.

Kazi yangu ni maji na brashi.
Likilowa, jiwe la mchanga hutoa siri:
hapa mto ulipita mbio, ukadondosha kokoto;
hapa ulichoka, ukaacha tope na konokono mmoja,
asiyejua kwamba angengoja miaka milioni sita
aje kuogeshwa na mimi, Akiiki,
kwa nusu ndoo, bila sabuni.

Kisha, katika pingili ya mwisho, jiwe linageuka.
Juu, rangi ya asali; likwangue kwa ukucha, litakupa chembe.
Chini, naisi: nyeusi, nyeupe, nyeusi,
ngumu kama deni la ukoo.
Kati yake mstari,
mwembamba kuliko uzi wa kushonea vifungo.

Bwana Kwesiga, mjiolojia, aliweka gumba juu, shahada chini.
"Huku miaka milioni kumi. Huku bilioni mbili na nusu."
Nikamuuliza: na Jurasi?
Mwanangu Rwemera ana kitabu cha shule,
kina mijusi warefu kuliko minara ya simu.
Akainama, akapuliza ule uzi.
"Ipo hapo."

Hapo!
Si kwamba siku hazikucha. Zilikucha.
Mvua zilinyesha Jurasi nzima juu ya milima iliyosimama hapa,
zikaichuja punje kwa punje, zikaipeleka
nisikokujua, hakuna aliyekata risiti.
Nchi ilikuwa ikitoa tu, haikuwa ikiweka,
na mtoaji haachi ghala nyuma yake.

Jumamosi nateremka ukingo hadi Kibiro, magoti yakilia.
Mama yumo katika shamba lake la chumvi.
Anatandaza udongo, jua linavuta, anakwangua,
anachuja, anachemsha,
na udongo ule ule anaurudisha chini,
kama alivyoupokea kwa mama yake.
Namwomba anitajie waliolikwangua kabla yake.
Anahesabu kwa vidole vyeupe vya chumvi:
Kabahenda, Nyamahunge, Kasemiire,
wanawake sita, kisha mkono unasimama hewani.
Halafu?
Anautazama moshi wa jiko.
"Halafu walikuwepo."

Jumatatu, fomu ina safu ya maelezo.
Mbele ya mstari ule, mahali pa kuandika *hakuna*,
nimeandika *walikuwepo*.

Bwana Kwesiga ameikata kwa wino mwekundu.
Bado inasomeka.