Mlango wa Salme

Pacha, alisema daktari wa Tartu.
Jioni hiyohiyo Tõnu akashika nyundo.

Tulibandua ukuta: karatasi ya maua,
chini yake mistari, chini yake gazeti
lenye bei ya viazi na ng'ombe aliyepotea,
kisha mbao; kisha, hatukutarajia,
bawaba. Mlango.

Kumbe stoo ya kuni ilikuwa chumba.
Bibi Salme alikizika mwaka ule wa vita,
akapanga magogo mpaka darini,
na hakuna aliyemuuliza.

Tumehamisha kuni siku tatu, theluji shingoni.
Juu, kwenye boriti, kulabu ya kuning'inizia kitanda cha mtoto:
moja tu, imeng'aa kwa kusuguliwa.

Tõnu anaandika vya kununua:
misumari, sufi ya kuzibia baridi, kitasa,
kulabu.