Vifungo vya Jericho

Wa kwanza kunifunza kutunga nyimbo alikuwa fundi cherehani,
Kageha wa soko la Jericho,
kibanda kinachotazamana na choo cha kulipia.
Januari alishona sare za shule.
Miezi iliyobaki alizitungia kwaya:
za harusi, za mazishi, za kumlaki askofu,
mia tano wimbo, mia saba ukitaka ubeti wa ziada.

Nilimpelekea daftari nikiwa na miaka kumi na tisa.
Mstari wa kwanza: Moyo wangu unalia.
Alisoma, sindano midomoni, akaitoa ili aseme:
"Unalia vipi? Unatoa kamasi?
Rudi kesho na kitu ulichokiona
kabla ya saa mbili asubuhi."

Kesho nikamletea muuza maji wa Makongeni
na mkokoteni wake:
Mitungi minane, mmoja una gunzi.
Akasimamisha cherehani.
Akamwaga kopo la vifungo mezani,
vyeupe vya shati, silabi moja kifungo kimoja,
vikafika kumi na vitatu.
"Imba, polepole, pumzi moja."
Nikaishiwa kwenye cha kumi.
Akavuta sita vya mwanzo kwa kidole,
kama anayechambua mchele.
Mmoja una gunzi.
"Mmoja wa nini?" nikauliza.
"Watajua. Gunzi halielei hewani."

Miaka mitatu nilihesabu hivyo.
Kiitikio, alisema, ni mfuko wa suruali:
mtu autie mkono bila kutazama.
Siku moja nikamuuliza kuhusu hisia.
Akanipa mkasi nikate nyuzi zilizoning'inia
kwenye kaptura arobaini za darasa la nne.

Sasa nami nafunza, Jumamosi, ukumbi wa Kaloleni,
wanafunzi kumi na mmoja, gita moja la nyuzi tano,
na vifungo, ndiyo,
kwenye kopo la majani chai.
Wiki iliyopita Ndanu alisimama na karatasi
iliyokunjwa mpaka ikalegea kama kitambaa.
Aliandika kuhusu mita ya stima
usiku tokeni zikikaribia kwisha:

Mama amelala, mita inaita,
pi, pi, pi, pi, pi, pi, pi

Nikapanga vifungo. Nikamwambia pi nne zingetosha,
tatu zimezidi, sikio litachoka.
Akanitazama kama unavyomtazama mwenye duka
aliyekurudishia chenji pungufu.
"Mwalimu, mimi sihesabu.
Mita ndiyo inayohesabu."

Wenzake wakacheka.
Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa midomoni
kama ile sindano. Sikulitoa.

Jumapili nikaenda Jericho.
Kageha siku hizi anavaa miwani juu ya miwani.
Nikamsimulia. Akaomba nirudie ile pi, pi,
akaifuata kwa mguu, kwenye kanyagio,
si kwa kidole.
Hakusema kama ni nne au saba.
Nikamuuliza mbona mimi alinifunza kwa vifungo.
"Si ndivyo nilivyokuwa navyo?
Ningekuwa nauza mayai ungehesabu mayai,
tena ungekuwa mwangalifu zaidi."
Akarudi kwenye kola ya mtu.

Leo ni Jumamosi na sijui nitamwambia nini Ndanu.
Ni saa kumi na moja alfajiri, jirani anawasha jiko,
na mita yangu mwenyewe imeanza.
Nimekaa kitandani, simu mkononi,
sijanunua tokeni bado,
nasikiliza ni wapi inavuta pumzi.